Pakiti ya Iliki Ndani ya Mwavuli

MAMA WA KAUNTA ANAJIBU

Mwandishi wa safu hii alikuwa keshia, kisha msimamizi wa supamaketi jijini Nairobi, kwa miaka 19. Anajibu maswali yenu kuhusu maduka, pesa na heshima.

Mama wa Kaunta, salamu nyingi.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao yuko zamu kiwandani. Naishi Umoja, nauza nguo za watoto za mitumba, na ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama kumi na wanne.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa nne nilitoka Gikomba mvua imenipiga, nikapitia supamaketi moja ya mjini kabla ya kwenda steji. Chama kilikuwa kinakuja kwangu kesho yake, kwa hiyo nilitaka unga, mchele, mafuta ya lita moja, sukari, majani ya chai, na iliki, maana mwenyekiti wetu hanywi chai isiyo na iliki.

Mlangoni waliniambia niache kiondo kaunta ya mizigo. Nikakiacha, nikapewa kibati nambari 41. Mwavuli hawakuutaka. Ni ule mrefu wa mpini uliopinda, ulikuwa wa marehemu baba, na kishikizo chake kilikatika zamani, kwa hiyo hata ukiufunga unabaki umelegea kama gunia. Niliutundika kwenye trolii, ncha chini, mdomo juu. Nadhani umeshaona mahali naelekea.

Nikazunguka. Simu ikalia, mdogo wangu anauliza habari za karo, nami huku natupa vitu kwenye trolii kwa mkono mmoja. Kwa keshia nilitoa kila kilichokuwamo, nikalipa 1,870 kwa M-Pesa. Sikugundua kwamba iliki hazimo. Askari akagonga risiti mhuri, nikachukua kiondo changu, nikatoka. Bado kulikuwa kunanyesha. Nikaufungua mwavuli palepale mlangoni, na pakiti ya iliki ya shilingi 135 ikaniangukia begani, ikadunda, ikatua juu ya kiatu cha askari.

Watu wawili walicheka. Hata mimi nilianza kucheka. Nikasema, "Ngoja nirudi niilipie." Askari akanishika juu ya kiwiko. "Nyinyi ndio tunawatafuta."

Nilikaa stoo saa moja na dakika ishirini, mimi na meneja na askari na kijana mmoja ambaye hadi leo sijui kazi yake pale ni gani. Walimwaga kiondo changu mezani. Meneja akasema kuna njia mbili: polisi, au nilipe mara ishirini ya bei, yaani 2,700. Nikamwambia mimi si mwizi. Akasema wote huanza hivyo. Nikawaza kulala seli Jumamosi mpaka Jumatatu na watoto wako peke yao, nikalipa. Pesa zilienda kwa nambari ya simu ya mtu, si tili, ile nambari ya malipo ya duka. Risiti sikupewa. Kisha nikaandikishwa karatasi kwamba nimekubali kuiba, nikatia sahihi, nikapigwa picha nimeshika pakiti kifuani. Jumatano mdogo wangu alipita pale akaikuta imebandikwa ukutani juu ya kaunta ya mizigo, pamoja na nyingine kama tisa.

Na wakati naingizwa stoo, mama mmoja wa ploti yetu, wa ghorofa ya tatu, alikuwa kwenye foleni. Tuliangaliana. Hajasema kitu, ila salamu zake zimekuwa fupi. Mume wangu sijamwambia. Chama kilikuja Jumapili nikawapa chai bila iliki, nikasema nimezikosa madukani.

Mama, mimi ni mwizi au si mwizi? Picha ile itatokaje? Na chama niwaambie au niache ipite? Mimi ndiye ninayeshika vitabu vya pesa zao.

Mwenye Mwavuli, Umoja

Mwanangu,

Nianze na askari, kwa sababu ushahidi wote ulikuwa juu ya kiatu chake naye hakuuona. Aliyeficha kitu kwenye mwavuli huondoka na mwavuli umefungwa, anyeshewe hadi aloe, aufungue akishavuka barabara mbili. Kwenye kazi ile nimeona nyama imefungwa tumboni ikawa mimba ya miezi saba. Nimeona mkate uliochimbwa ndani ukatiwa sabuni za kipande. Nimeona mwanamume mzima amevaa suruali tatu, moja tu ndiyo yake. Mwizi anayefungua ghala lake mbele ya askari sijamwona bado.

Kwa hiyo la kwanza: wewe si mwizi, na sisemi hivyo kukubembeleza. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 268, inaeleza kwamba wizi ni kuchukua mali kwa hila na bila dai la haki, kisha inazitaja nia zenyewe, kwa mfano nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Kitu kupita mlangoni hakutoshi. Adhabu ya kosa hilo yaweza kufika miaka mitatu jela, na miaka mitatu haitolewi kwa kusahau. Nia uliyokuwa nayo wewe ilikuwa chai ya mwenyekiti.

Huwa nafikiri mambo haya yametuzidia tangu tulipoanza kujichukulia vitu wenyewe rafuni. Duka la aina hiyo lilianza Memphis, Marekani, mwaka 1916, na aliyelibuni aliitwa Clarence Saunders. Kabla yake ulisimama mbele ya kaunta, ukataja, karani akakuletea, ukalipa, ndipo ukashika. Usingeweza kuondoka na kitu kwa kusahau. Saunders alimpa mteja kikapu, na pamoja na kikapu akampa kazi ya karani: kuchukua, kubeba, kukumbuka. Karani akisahau huitwa mzembe. Mteja akisahau hupewa jina lingine. Tena hapa kwetu, tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, tunatembea na viondo, vikapu na mikoba mipana ya kila namna, na kitu kidogo hakikosi pa kujificha. Kwa mama mboga wa Umoja jambo hili lingeisha kwa kelele moja: "We mama, na hiyo dania?" Ungemlipa, au ungemlipa kesho.

Sasa nikwambie habari za stoo, maana nimekaa upande ule mwingine wa meza.

Ilikuwa mwaka 2004, nimepandishwa cheo juzijuzi. Askari akaniletea mzee mmoja wa koti la kahawia. Alikuwa amemwona akitia betri mbili mfukoni pale kwenye rafu ya betri. Lazima nikueleweshe hali ilivyokuwa dukani kwetu: upungufu wa mali ulipopatikana mwisho wa mwezi, ulikatwa kwenye mishahara yetu, na askari alipewa mia mbili kwa kila mtu aliyemshika. Kwa hiyo wote wawili tulimtaka yule mzee awe mwizi. Akatoa mfukoni leso, funguo, tiketi ya basi, na betri mbili kubwa. Akasema, "Mwanangu, naweza kuketi?" Nikamwambia aketi baada ya kueleza. Akaeleza akiwa amesimama: betri ni zake, za redio yake, zimekwisha moto, amekuja nazo ili apime zisije zikawa ndogo. Watu wa umri wake walifanya hivyo sana. Hakutaka kusoma maandishi, alitaka kulinganisha.

Palikuwa na redio ofisini. Nilizitia zile betri, nikawasha. Haikusema kitu.

Unadhani nilimwomba msamaha? Nilimwambia, "Haya, nenda, lakini siku nyingine uwe mwangalifu." Akakusanya vitu vyake mezani kimoja kimoja, akatoka bila kununua betri. Nimewahi kumtafuta mtu kwa macho mjini kwa miaka, nikiona koti la kahawia naharakisha nimpite nimtazame usoni. Sijampata. Kwa hiyo ukiona ninawakasirikia watu wa stoo, jua najikasirikia na mimi.

Turudi kwako. Umefanya kosa moja tu, nalo ni kulipa. Nalielewa. Ile hofu ya kulala ndani hadi Jumatatu haikuwa ya kijinga: Katiba yetu ya 2010, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, inakuwa siku ya mahakama inayofuata. Mkuu wa kituo anaweza kukuachilia kwa dhamana kabla ya hapo, ila nani hukumbuka hilo akiwa amezungukwa na wanaume watatu? Wenye stoo hizo wanaijua kalenda vizuri. Biashara yao hunoga Jumamosi jioni.

Basi ujue ni nani aliyevunja sheria mle ndani. Mtu wa kawaida anaruhusiwa kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa, hilo lipo. Lakini akishamkamata anatakiwa amkabidhi kwa polisi bila kumcheleweshea. Hakupewa ruhusa ya kumweka stoo akapiga hesabu za mara ishirini. Na Kanuni ile ile ya Adhabu inalifanya kosa mtu kupokea pesa ili jinai ifichwe isifike mahakamani. Yaani kama kweli waliamini umeiba, kuchukua 2,700 kukawa kosa lao. Na kama hawakuamini, walikuwa wanakunyang'anya tu. Kiondo chako walikimwaga. Je, mwili nao waliupapasa? Hukusema. Kama waliupapasa, liandike pia, kwa sababu sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Karatasi uliyotia sahihi isikunyime usingizi. Chini ya Sheria ya Ushahidi, ungamo la mshtakiwa halipokelewi mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha inspekta au zaidi ambaye si yeye anayepeleleza kesi, na uwe na mtu wako uliyemchagua mwenyewe. Meneja wa supamaketi hayumo humo. Ile ni karatasi ya kukutishia usirudi kudai.

Wewe rudi udai. Ila usiende pale tawini kugombana na meneja mbele ya foleni, atakushinda kwa sauti. Andika barua, ukurasa mmoja, uipeleke makao makuu ya kampuni. Inawezekana kabisa huko juu hawajui kwamba kuna nambari ya simu ya mtu inayokula pesa za wateja. Taja tarehe, saa, nambari ya risiti yako ya 1,870, na nambari ya muamala wa M-Pesa ya zile 2,700 pamoja na jina lililotokea. Usiufute ujumbe ule. Huo ndio shahidi wako mkubwa, kwa sababu mwenye duka halisi anayelipwa deni halisi hulipwa kwa tili na hutoa risiti. Waombe wahifadhi picha za kamera za siku ile, za njia ya rafu ya viungo na za mlangoni. Hili usilicheleweshe hata wiki moja, kwa kuwa kamera za maduka hurekodi mpya juu ya zamani. Kama kamera iliona pakiti ikitumbukia mwavulini wewe ukiwa na simu sikioni, maneno yamekwisha. Peleka nakala mbili, moja wakugongee mhuri urudi nayo.

Picha ya ukutani ina njia yake, na hii ndiyo itakayowauma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sura yako ni data yako. Kubandika uso wa mtu na kumwita mwizi, mtu ambaye mahakama haijamtia hatiani, ni jambo ambalo Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaweza kulichunguza, na inatakiwa imalize malalamiko ndani ya siku 90. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza klabu moja ya burudani hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na yule alikuwa anastarehe tu, hakuna aliyemwita mwizi. Mwambie mdogo wako apite tena aipige picha ile picha ikiwa bado ukutani, kaunta ya mizigo ionekane na tarehe ya simu isomeke. Afanye hivyo kabla hujapeleka barua. Ukipeleka barua kwanza, ukuta utapakwa rangi usiku huohuo.

Ukitaka kwenda mahakamani, zile 2,700 unaweza kuzidai Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi milioni moja. Madai ya kuchafuliwa jina hayapokelewi huko. Hayo ni ya mahakama ya kawaida, na hufungwa mlango baada ya miezi 12. Utahitaji wakili. Mimi ningeanza na barua.

Sasa chama. Hapa ndipo nilipobaki na barua yako mkononi kwa muda, kwa sababu sheria haina la kusema.

Waambie. Na mume wako aambiwe kwanza, leo, akirudi kutoka zamu, kabla hajalala. Asije akaisikia kwa mwenye ploti.

Wewe ni mweka hazina. Kwa mweka hazina neno "mwizi" halipiti tu, hukaa likingojea siku ambayo hesabu itapungua shilingi hamsini. Siku hiyo mama wa ghorofa ya tatu atakumbuka alichokiona, na atakisimulia kwa mdomo wake, si wako, na kila mtu atasema lisemwalo lipo. Usimchukie mama huyo. Hajasema kitu wiki nzima, na hilo kwa ploti za Umoja ni jambo la kushangaza. Salamu fupi huenda ni aibu tu. Alikuona na hakuja kusimama na wewe. Mpelekee chai umweleze, naye atakuwa shahidi wako kwamba uliingizwa stoo na saa ngapi.

Kwa chama, mwone mwenyekiti siku moja kabla ya mkutano. Nenda na vitabu vyote, taarifa ya benki, stakabadhi, hata daftari la faini za kuchelewa. Mwombe wanachama wawili wahesabu kwanza, hadi shilingi ya mwisho, na matokeo yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Hesabu ikishakaa sawa, ndipo usimulie. Ukianza na hadithi kisha hesabu, watahesabu kwa jicho la hadithi. Na usimulie kama ulivyonisimulia mimi, na mwavuli wa baba, na kibati nambari 41, na pakiti kudunda begani. Wakicheka, waache wacheke. Usilie kabla hawajacheka. Ila ile ya kwamba iliki umezikosa madukani uikiri mapema, mbele ya mwenyekiti mwenyewe. Ni uongo mdogo, lakini katika barua yako yote ndio uongo pekee nilioukuta, na mwenye vitabu vya pesa hafai kukamatwa hata na huo.

Kuna atakayependekeza upumzike uweka hazina kidogo "mpaka mambo yatulie." Yupo siku zote. Mwambie kura ipigwe. Usijiuzulu mwenyewe, wataisoma kama ile karatasi ya stoo.

Mwavuli upeleke kwa fundi wa viatu, atakushonea kishikizo kwa shilingi hamsini. Na hizo iliki, ambazo hadi sasa umezilipia kuliko mwanamke yeyote wa Nairobi, sioni mahali uliposema ulipewa. Kama zilibaki mezani kwa meneja, ziongeze kwenye barua ya madai, mstari wa mwisho kabisa, chini ya zile 2,700: pakiti moja ya iliki.